Maisha ya Peter Cameron Scott, Aliyezikwa Nzaui



Desturi ya kijitabu hiki ni kwamba, baada ya taarifa ya Mwenyekiti na hesabu za Mweka Hazina, hufuata habari za maisha ya mtu mmoja aliyefariki zamani, ambaye kwa namna fulani alihusika na nchi yetu ya Kitui na Makueni. Mwaka huu Kamati imenipa mimi, karani wenu, kazi hiyo. Nimemchagua mtu ambaye jina lake wengi wetu wamelisikia kanisani, lakini habari zake hasa hawazijui: Peter Cameron Scott, mwanzilishi wa Misheni ya Africa Inland, ambaye alizikwa Nzaui.

Najua kwamba Chama chetu si cha dhehebu moja. Wamo humu Wakatoliki, watu wa Jeshi la Wokovu, watu wa Brotherhood, Waanglikana, na hata ndugu zetu Waislamu. Siandiki habari hizi ili kusifu kanisa moja kuliko jingine. Naziandika kwa sababu ya jambo lililonisumbua tangu mwaka juzi, na afadhali nilitaje mapema ili msomaji ajue ninakokwenda.

Alikuwako mwanachama wetu mmoja, mtu wa biashara, ambaye kwa miaka mingi alitoa mchango mkubwa kuliko wote, na jina lake lilikuwa likisomwa la kwanza. Biashara yake ikaanguka. Akaacha kuja mikutanoni kwa muda wa miaka miwili, wala si kwa sababu ya deni la ada, kwa maana deni lingeweza kusamehewa, bali kwa haya. Sisi nasi hatukumwendea. Mimi mwenyewe niliandika katika daftari kwamba hakuhudhuria, mwezi baada ya mwezi, kwa mwandiko mzuri. Siku tuliyofika nyumbani kwake ilikuwa siku ya maziko yake, nasi tulikuja na mabasi mawili na mchango mkubwa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza mtu husimama juu ya nini, vikiisha kuondolewa vile vitu ambavyo kwavyo jina lake husomwa mbele ya watu. Ndivyo nilivyomkumbuka Bwana Scott.

Peter Cameron Scott alizaliwa tarehe 7 Machi, 1867, katika mji wa Glasgow, nchi ya Uskoti. Alipokuwa bado kijana mdogo wazazi wake walihamia Marekani, wakakaa katika mji wa Philadelphia. Walikuwa watu wacha Mungu, na watoto wao walilelewa kwa sala na kusoma Biblia nyumbani.

Kijana huyu alikuwa na kipawa kimoja kilichomtofautisha na wenzake, nacho ni sauti. Alipewa mwalimu Mwitaliano wa kumfundisha kuimba, na watu waliomsikia walisadiki kwamba angeweza kupata jina kubwa na fedha nyingi katika opera, yaani michezo ya kuigiza ambayo wachezaji huimba maneno yao badala ya kuyasema. Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani ya siku zile, mwimbaji hodari wa opera alikuwa mtu wa kupigiwa makofi na matajiri, na picha yake ilibandikwa mitaani. Wazazi wake hawakupenda njia hiyo. Lakini kijana aliyeambiwa na kila mtu kwamba ana sauti nzuri ataacha kuipenda namna gani?

Inasimuliwa kwamba siku moja alisikia kwamba waimbaji wanatakiwa, akaenda kwenye jumba la opera ili aombe kazi. Alipokuwa akipanda ngazi za jumba lile, swali likamjia moyoni kwa nguvu: je, maisha yake atayatumia kwa kujitafutia sifa, au kwa kumtukuza Mungu? Akasimama pale. Kisha akageuka, akashuka ngazi, wala hakurudi tena.

Habari hii ya ngazi hupendwa sana na wahubiri, na si ajabu. Hata hivyo ningependa wazee wanisikilize hapa. Sisi Wakamba ni watu wa nyimbo; hakuna shughuli ya kwetu isiyokuwa na mwimbaji wake, na mwimbaji hodari hupewa heshima yake na hakuna anayemwona kuwa mtu wa dhambi. Sidhani kwamba Scott alikimbia nyimbo kama mtu anayekimbia uovu. Alikikimbia kitu kingine, nacho ni kuishi kwa makofi. Tena nadhani ngazi zile hazikuwa jaribu kubwa katika maisha yake. Kijana anapoacha jambo moja la fahari, mara nyingi huwa ameona jingine lenye fahari zaidi, na katika miaka ile kwenda Afrika kuhubiri lilikuwa jambo la kutajwa kwa heshima katika makanisa yote ya Marekani. Mtu aweza kuacha jukwaa la opera akapanda jukwaa jingine. Jaribu lenyewe lilimngoja mbele.

Aliingia katika chuo cha wamisionari mjini New York, kilichoanzishwa na mchungaji A. B. Simpson. Mwezi wa Novemba 1890 akawekewa mikono, na mara akasafiri kwenda Kongo, ambayo siku zile ilikuwa mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Miezi michache baadaye ndugu yake John akamfuata. Wakafurahi kufanya kazi pamoja.

Furaha hiyo haikudumu. Homa ikampata John, akafa kabla ya mwaka kwisha. Hapakuwa na mtu wa kumzika ila ndugu yake. Peter akatafuta mbao, akatengeneza sanduku kwa mikono yake mwenyewe, akachimba kaburi, akamzika nduguye peke yake. Yafaa tukumbuke kwamba watu wa siku zile hawakujua hata homa ile iliwatoka wapi. Wengi walidhani ni hewa mbaya ya mabondeni. Ilikuwa mwaka 1897 ndipo Daktari Ronald Ross, akifanya kazi huko India, alipogundua kwamba vijidudu vya malaria hukaa katika mbu.

Hapa ndipo ninapoliona jaribu kubwa. Jukwaa la Philadelphia alikuwa ameliacha. Badala yake alipewa nini? Hakuwa na kanisa alilolijenga, wala hesabu ya watu waliobatizwa ya kupeleka nyumbani. Alikuwa na kaburi la ndugu yake, na mwili wake mwenyewe ulioanza kudhoofika kwa homa ileile. Kama mtu angeandika taarifa ya kazi ya Scott mwaka ule, kwa utaratibu tunaotumia sisi, kila safu ingekuwa na sifuri. Mimi ni karani, nami najua jinsi kuandika sifuri kunavyoaibisha. Wale waliosimulia habari zake wanasema kwamba alipokuwa kando ya kaburi lile alijitoa upya kwa Mungu. Hakuahidiwa kwamba mambo yatakuwa mema, wala hakuweka masharti.

Mwaka 1892 afya yake ilivunjika kabisa, ikambidi aondoke Kongo. Alipelekwa Uingereza, akiwa mgonjwa asiye na kazi, na mwenye umri wa miaka 25 tu.

Alipopata nafuu kidogo alikwenda katika kanisa kuu la Westminster Abbey mjini London, mahali wanapozikwa wafalme na watu mashuhuri wa Uingereza. Humo limo kaburi la David Livingstone. Wazee wanakumbuka habari zake: Livingstone alifia kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, na watumishi wake Waafrika, akina Susi na Chuma, wakauzika moyo wake palepale chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua kwa miguu kwa miezi mingi hata pwani, kutoka huko ukapelekwa Uingereza na kuzikwa Aprili 1874. Juu ya jiwe la kaburi limeandikwa neno la Bwana Yesu kuhusu kondoo wengine, wasio wa zizi hili, ambao imempasa kuwaleta nao. Scott alipiga magoti pale, akalisoma neno lile, nalo likamshika. Akaazimu kurudi Afrika, lakini safari hii kwa upande wa mashariki.

Shauri lake lilikuwa hili: kujenga mstari wa stesheni za misheni kutoka pwani ya Mombasa, kupita bara, hata Ziwa Chad. Shauri hilo lafanana na lile la mtu mwingine aliyetangulia kuijua nchi yetu, naye ni Johann Ludwig Krapf. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na katika mwezi wa Julai mwaka uleule akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Mwaka 1849 alikwenda Ukambani hata Kitui, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa pembe za ndovu, ambaye jina lake lilijulikana toka Mombasa hata ng'ambo ya Mto Tana. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa Kitui, Krapf aliuona mlima wenye theluji, na kwa matamshi ya Wakamba waliomtajia jina lake tumepata jina la nchi yetu, Kenya. Alirudi mwaka 1851. Safari hiyo walishambuliwa karibu na Tana, Kivoi akauawa pamoja na mali yake yote kutawanyika, na Krapf akaokoka akitangatanga porini kwa njaa na kiu, akichukua maji ndani ya mtutu wa bunduki yake na katika mfuko wa ngozi wa darubini. Krapf naye alitaka mlolongo wa misheni kukata Afrika yote kutoka mashariki hata magharibi, wala hakuuona. Yaonekana nchi yetu imezoea kuwapokea watu wenye ramani kubwa na kuwaacha na kijipande kidogo.

Scott aliporudi Philadelphia aliwaeleza watu shauri lake. Walikuwako walioamini, miongoni mwao Charles Hurlburt, na likaundwa baraza la kuwasaidia wamisionari. Mwaka 1895 Misheni ya Africa Inland ikaanzishwa. Tarehe 17 Agosti, 1895, Scott na wenzake saba wakapanda meli New York. Jumla walikuwa wanaume watano na wanawake watatu, na mmoja wa wale wanawake alikuwa dada yake Margaret. Mwezi wa Oktoba wakafika Mombasa.

Waliikuta nchi katika mabadiliko makubwa. Mwezi wa Julai mwaka uleule serikali ya Uingereza ilikuwa imeichukua nchi kutoka mikononi mwa Kampuni na kuifanya Himaya ya Afrika Mashariki. Machakos kulikuwa na boma, na Bwana John Ainsworth alikaa huko tangu 1892. Reli haikuwako, ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896. Kwa hiyo Scott na wenziwe walikwenda kwa miguu, pamoja na wapagazi, kupita nyika ya Taru isiyokuwa na maji, zaidi ya maili 200. Laiti wangengoja miaka mitatu hivi, wangepanda gari la moshi. Majina ya wazungu wanane yamehifadhiwa vitabuni. Majina ya wapagazi waliowachukulia mahema, vyakula na sufuria hayasomwi popote, nami naona ni haki kulitaja hilo katika kijitabu cha Chama kama hiki, ambacho nusu ya waanzilishi wake walikuwa watu wa kubeba mizigo ya wengine.

Tarehe 12 Desemba, 1895, wakafika Nzaui.

Msafiri anayetoka Emali kwenda Wote huuona mlima huo, mwamba wake umesimama wima kama ukuta. Chini yake ndipo walipoanza kujenga. Nchi haikuwa na mfalme wa kuwapa au kuwanyima ruhusa. Mambo ya watu yaliamuliwa na wazee katika nzama. Wala watu wa Nzaui hawakuwa wajinga wa mambo ya ulimwengu. Wakamba walikuwa wamekwenda na misafara ya pembe hata pwani tangu enzi za babu zao, na upande wa Kitui, huko Ikutha, Walutheri wa Kijerumani walikuwa wamekwisha kutangulia.

Mwaka mmoja uliofuata ni mwaka wa kazi ya ajabu. Baada ya Nzaui wakafungua stesheni Sakai, kisha Kilungu, kisha Kangundo. Nyumba zikajengwa, watoto wakaanza kufundishwa, wagonjwa wakapewa dawa, na lugha ya Kikamba ikaanza kuandikwa na kujifunzwa. Wengine wakaja kutoka Marekani kuongeza nguvu, nao ni pamoja na wazazi wa Scott mwenyewe, watu wa makamo waliouacha mji wa Philadelphia wakaja kuishi karibu na mtoto wao. Scott alikuwa hatulii. Leo yuko Nzaui, juma lijalo yuko njiani kwenda Kangundo. Inahesabiwa kwamba katika mwaka huo alitembea kwa miguu maili zipatazo 2,600.

Scott pia aliandika taarifa ya mwaka wa kwanza, naye alihesabu kama tunavyohesabu sisi: stesheni nne, nyumba, shule, matibabu. Alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya haki. Simlaumu mtu afurahiaye kazi yake ikifanikiwa. Lakini wino wa taarifa ile ulikuwa haujakauka sana alipopatwa na homa kali ya malaria, ile iitwayo homa ya mkojo mweusi, ambayo mwili uliochoka kwa safari hauwezi kushindana nayo. Tarehe 4 Desemba, 1896, akafa huko Nzaui. Zilibaki siku nane tu kutimiza mwaka mmoja tangu kufika kwao. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Yeye aliyemzika nduguye peke yake katika Kongo alizikwa na wenzake, katika nchi ambayo wazazi wake walikuwa wameifuata kwa ajili yake.

Hadithi za vitabu vya shule aghalabu zinapofika hapa huruka mara moja hadi kwenye matunda. Mimi sitaruka, kwa sababu miaka iliyofuata ndiyo niliyotaka hasa wanachama waijue. Baada ya kifo cha Scott mambo hayakupata nafuu. Wamisionari waliendelea kufa kwa homa, mmoja baada ya mwingine. Wengine walikata tamaa wakarudi kwao, na wengine wakajitenga na misheni. Kisha ikaja njaa kubwa ya miaka ya 1898 na 1899, ambayo wazee wetu waliiita Ngomanisye. Mvua zilikosekana, ng'ombe walikuwa wamekwisha kupukutika kwa sotoka, na ndui ikawaua waliosalia na nguvu. Kila ukoo wa Ukambani una habari za njaa hiyo. Katika mwaka wa 1899 ilifika wakati akabaki mmisionari mmoja tu wa misheni ile katika nchi nzima, jina lake William Gangert. Stesheni nne za ile taarifa ya kwanza zilikuwa karibu si kitu.

Mtu aliyesimama Nzaui mwaka huo angeweza kusema bila kukosea kwamba kijana Scott alipoteza sauti yake, ndugu yake, afya yake na uhai wake bure. Kwa kipimo cha dunia alishindwa. Hata kwa kipimo cha wamisionari wenyewe alishindwa.

Katikati ya miaka hiyo kuna habari moja ndogo ambayo siwezi kuiacha. Mmoja wa wale wanane wa kwanza, Willis Hotchkiss, ameandika kwamba kwa muda wa miaka miwili na nusu alitafuta neno la Kikamba la kuokoa, na hakulipata. Aliuliza kwa kila namna, lakini hakuna aliyejua anachotafuta. Hata jioni moja, wakiwa wamekaa penye moto, alimsikia Mkamba mmoja akisimulia jinsi mzungu mmoja wa misheni alivyoshambuliwa na simba, na jinsi yeye msimulizi alivyomwokoa. Katika masimulizi yale neno likatoka lenyewe, bila kuulizwa. Nalipenda jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, neno la kuokoa lilikuwa la kwetu siku zote; mgeni ndiye aliyekuwa haulizi vizuri. Pili, katika hadithi ile mwokoaji alikuwa Mkamba na aliyeokolewa alikuwa mzungu. Hotchkiss baadaye aliondoka katika misheni hiyo, na mwaka 1902 alikuwa miongoni mwa waliofungua misheni ya Wafrendi huko Kaimosi.

Charles Hurlburt, yule aliyebaki Philadelphia akisimamia baraza, hakutaka kuiacha kazi ife. Mwaka 1901 alihamia Kenya na mkewe na watoto wao. Mwaka 1903 makao makuu yakawekwa Kijabe. Kutoka hapo misheni ikaenea: ikaingia Tanganyika mwaka 1909, Kongo mwaka 1912, Uganda upande wa West Nile mwaka 1918, na mwaka 1924 ikafika katika makoloni ya Ufaransa ya Afrika ya kati, upande ule wa Ziwa Chad ambao Scott aliuota. Huku kwetu zikajulikana stesheni za Mbooni na Mukaa. Na vita kuu ya 1914 ilipowaondoa Wajerumani, Mulango na kazi nyingine za Kilutheri za Kitui zikaingia mikononi mwa misheni hiyohiyo. Ndivyo Kitui na Makueni zilivyounganishwa na kazi iliyoanzia Nzaui. Agano Jipya la Kikamba lilitoka mwaka 1920, na Biblia nzima mwaka 1956.

Si yote yaliyokuwa mema, na wazee watanicheka nikisema hivyo. Misheni ilikataza ngoma zetu bila kuuliza ipi ni ya aibu na ipi ni ya heshima. Katika elimu ilikwenda polepole, ikatosheka na kufundisha watu kusoma Maandiko wakati watu walikuwa wakidai shule za juu. Wengi walivunjika moyo, na mwaka 1945 Wakamba wenyewe wakaanzisha African Brotherhood Church, ambayo baadhi yetu tumebatizwa humo. Mimi nilisomeshwa na misheni, nami nasema wazi kwamba madai yale yalikuwa ya haki. Mwaka 1971 misheni ilikabidhi kazi na mali yake kwa Kanisa la Africa Inland, chini ya uongozi wa Askofu Wellington Mulwa, mtoto wa Ukambani. Tangu Nzaui hata siku ile ilipita miaka 76.

Hakuna hata moja katika hayo ambalo Scott aliliona. Hakuiona Kijabe, wala Biblia ya Kikamba, wala askofu Mkamba. Yeye aliona kaburi la John, na mwaka mmoja wa kutembea. Watu husema kwamba alishinda kwa sababu kanisa lilikuja kuwa kubwa. Mimi sikubaliani nao, ingawa wengine ni wakubwa wangu. Kama kanisa lisingekua, na kama Gangert naye angekufa na Hurlburt angebaki kwao, yale aliyoyatenda Scott kando ya kaburi la Kongo yangekuwa yaleyale, wala yasingepungua thamani. Alikuwa amekwisha kusimama mahali pake kabla hakijaja kitu chochote cha kuhesabiwa. Nikimfikiria yule mwanachama wetu wa biashara, naona kwamba yeye hakuwa mtu wa imani haba. Alikuwa akisali kuliko mimi. Ila sisi tulimzoeza kusimama juu ya jina linalosomwa la kwanza, na lilipoacha kusomwa, hatukuwa na kitu kingine cha kumwonyesha.

Kwa idhini ya Mwenyekiti nimelipeleka shauri mbele ya Kamati, nayo imelikubali: tangu mwaka huu orodha ya michango haitasomwa tena kwa kufuata ukubwa wa fedha, bali kwa kufuata herufi za majina. Na mwanachama asipoonekana katika mikutano mitatu mfululizo, karani hataandika tu kwamba hakuhudhuria. Atawajulisha wazee wawili wa upande wake, nao watakwenda kumtazama nyumbani.

Kadhalika Kamati imekubali kwamba iwepo safari ya kwenda Nzaui mwezi wa Desemba. Wanachama watakaopenda kwenda waandikishe majina yao kwangu kabla ya mwisho wa mwezi wa Oktoba. Nauli kila mtu atajilipia. Wazee waliopita miaka 70 watachukuliwa kwa gharama ya Chama, nao wanaombwa kuja na fimbo zao, kwa maana njia ya huko ina mawe.